Gogo la Kuni za Uzazi

Hapo zamani, enzi ambazo hakuna aliyenunua kuni bali nyumba nzima ilitoka kuzitafuta, kuanzia baba hadi mtoto asiyejua kufunga kamba, palikuwa na mtu mmoja aitwaye Senkondo. Aliishi na mkewe Nakijwa juu milimani, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya watu na kulala baada yao.

Senkondo lilikuwa jina alilopewa na baba yake. Hakuna aliyelitumia. Kijiji kizima kilimwita Chura.

Katika ukoo wao, mama akikaribia kujifungua, baba na watoto hupanda msituni kumtafutia kuni za uzazi. Kuni za kawaida huletwa mzigo kwa mzigo na kupangwa darini. Juu ya hizo hutakiwa gogo moja kubwa la mti uliojifia wenyewe, ambalo huwashwa siku mtoto anapozaliwa na hukaa na moto mpaka kitovu chake kianguke. Moto huo hauzimwi, wala jirani haji kuuomba. Na yule mtoto wa nyumba ambaye bila yeye gogo lisingefika mekoni, ndiye humpa mdogo wake jina la nyumbani, siku hiyo hiyo ya kitovu. Baba na mama hawana kauli. Jina likishatolewa, limetolewa.

Senkondo alipozaliwa, gogo lililetwa na kaka yake mkubwa, ambaye mwaka ule alikuwa anapenda vyura.

Jina lilimfuata malishoni, likamfuata jandoni, likatangulia ukweni. Alipokwenda kuposa, baba yake Nakijwa aliwatazama washenga kwa muda mrefu, kisha akawauliza kwa upole kama binti yake atajengewa nyumba au atachimbiwa kidimbwi. Posa ilikubaliwa, lakini swali lile Senkondo hakulisahau.

Sasa Nakijwa alikuwa na mimba ya nne, tumbo limeshuka, na Senkondo alikuwa halali vizuri. Kilichomkosesha usingizi si uzazi. Nakijwa alikuwa mzazi hodari. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba watoto wake watatu walikuwa wameshachagua majina.

Namsifu, binti mkubwa, aliyependa mambo nadhifu na nywele zilizosukwa vizuri, alisema mtoto ataitwa Zawadi. Mbonea, wa pili, alisema ataitwa Nyigu, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayemchezea nyigu. Nakunda, mdogo kabisa, aliyekuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele, alisema ataitwa Kiazi.

Baba yake akamwuliza taratibu kama hakuna kitu kingine anachokipenda.

Nakunda akafikiri. "Kipo," akasema. "Magimbi."

Senkondo akaona bora aache.

Wapo katika ukoo huu wanaosema kwamba jambo linalofuata halikutokea. Lilitokea. Siku moja kabla ya kupanda msituni na watoto, Senkondo alipanda peke yake. Akatafuta mshai uliokauka, akakata gogo zuri, akalilaza kando ya njia penye magugu ya kangaga na kulifunika kwa majani yake. Hakulifunika sana, alilifunika kiasi cha kuonekana na mtu mwenye macho. Mtu mwenye macho aliyemkusudia alikuwa Namsifu. Mtoto aitwaye Zawadi anaweza kwenda kuposa popote.

Asubuhi yake wakatoka. Nakijwa alibaki nyumbani na mkwewe, Bibi, ambaye alikuwa mkunga na mlinzi wa mila zote za nyumba ile. Kabla ya kupanda, Senkondo aliwasimamisha watoto mstari, akampa kila mmoja neno lake.

Akamwambia Namsifu, "Wewe shika mkono wa mdogo wako. Usimwache, na usiende mbali na njia. Na tukifika penye kangaga, tembea polepole."

Akamwambia Mbonea, "Shoka hili nakupa ulibebe, sikukupa ulitumie. Usikate kitu mpaka niwe nimesimama hapo."

Akamwambia Nakunda, "Wewe kazi yako vijiti vya kuwashia. Kijiti kilicho chini ya kitu kizito kiache hapo hapo."

Wote watatu wakaitika, "Ndiyo, Baba," kwa sauti moja, kama watoto wanavyoitikia jambo ambalo hawatalifanya.

Walipofika penye kangaga, Namsifu alitembea polepole kama alivyoambiwa, macho yake yakiwa juu ya mkia wa ndege mmoja mwekundu. Baba yake akakohoa.

"Namsifu, huoni kitu hapo?"

"Naona kangaga, Baba."

"Na chini ya kangaga?"

"Chini ya kangaga kuna udongo. Ndiyo maana yameota."

Senkondo hakuweza kuongeza neno, maana gogo la kuonyeshwa si gogo la kupata. Akawaambia watangulie, yeye anarudi kidogo kukaza kamba yake ya mgomba. Nia yake ilikuwa kuondoa yale majani yote, ili wakishuka Namsifu aone hata kama amefumba macho.

Aliporudi penye kangaga, alimkuta jirani yao, Mama Kalage, amelivua gogo majani na amesimama mbele yake, mikono kifuani, anamshukuru Mungu.

"Shemeji Chura," akasema, "hebu tazama. Nimetoka nyumbani nalia sina kuni za kupikia pombe ya mavuno, na hapa nimewekewa. Limekatwa, limelazwa, limefunikwa lisilowe. Mimi ni nani hata nifanyiwe haya?"

Senkondo alifikiri majibu kadhaa, na kila moja lilihitaji aeleze alichokuwa amekifanya. Mwishowe akainama, akaliinua gogo lake mwenyewe, akamtwisha.

Huko juu, mambo yalikuwa hivi.

Namsifu alimshika Nakunda mkono kwa muda. Lakini Nakunda alikuwa anaeleza habari za viazi: vya kuchemsha, vya kuchoma, vilivyoharibika upande mmoja ambavyo ukikata upande huo vinaliwa. Namsifu akamwambia abaki pale aokote vijiti, yeye anakwenda kidogo tu. Akapanda mteremko, akavuka vichaka, akapata mahali pakavu pa kukaa, akakaa. Akafumua nywele na kuanza kuzisuka upya. Alikaa vizuri sana, mpaka siafu wakamwonyesha kwamba mahali pale palikuwa na wenyewe.

Aliruka, akajipangusa, akageuka kutazama alichokuwa amekikalia. Gome lake lilikuwa jeusi na gumu kama kigae. Lilikuwa shina la mloliondo, mti ambao ukishika moto hauachi, umeanguka zamani na kufunikwa na magugu pande zote. Mchwa walikuwa wameula karibu na mizizi, lakini katikati ulikuwa mzima kama siku ulipoanguka.

Namsifu akaita. Mbonea akaja mbio na shoka begani, akatazama, akauliza Baba yuko wapi. Baba hakuwepo. Wakamwita, hakuitika, kwa maana wakati ule alikuwa anamtwisha Mama Kalage. Mbonea akangoja. Wanaomtetea husema alingoja sana. Namsifu husema alingoja kiasi cha kutema mate viganjani.

Kisha akakata. Mloliondo mkavu haukatwi kwa hasira. Shoka liligonga likarudi, likagonga likarudi. Viganja vikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka. Alikata upande wa mizizi ambako mchwa walikuwa wameanza, akahamia upande wa matawi ambako hawakuwa wameanza kitu, na jua lilipokuwa limegeuka, gogo likaachana na shina kwa mlio mmoja mkavu. Likateleza kidogo kwenye mteremko, likasimama.

Mbonea akakaa chini, akasema, "Nyigu."

"Zawadi," akasema Namsifu. "Nimeliona mimi."

"Uliona au ulikalia?"

"Nilikalia kwa sababu nililiona."

"Siafu ndio walioliona. Basi tuwaite siafu waje watoe jina."

Wakabishana hivyo, wamesimama kila mmoja upande wake wa gogo. Hapo ndipo Nakunda alipofika akimtafuta dada yake, kanga yake imejaa vijiti. Akatazama chini ya gogo, akaona kijiti kikavu, kinene kama kidole gumba, kilichonyooka vizuri kuliko vyote alivyookota siku ile. Kilikuwa ndicho kilicholizuia gogo. Akakivuta.

Gogo likaondoka.

Mwanzo lilikwenda taratibu, kama mtu mzima anayeanza safari. Kisha likashika kasi. Likapita vichaka, likapita penye kangaga, likaingia njiani ambako Senkondo, aliyekuwa amemtua na kumtwisha tena Mama Kalage kila hatua chache tangu asubuhi, ndiyo kwanza alikuwa anapanda kuwafuata watoto. Alisikia kishindo, akainua uso, akaruka kwa miguu yote miwili pamoja, akatua kwenye tope akiwa amechuchumaa. Mama Kalage, aliyekuwa bado hajafika mbali, aligeuka na mzigo wake kichwani, akaona mruko ule wote.

Gogo likavuka shamba la maboga likiacha njia iliyonyooka. Likafika uani kwa Senkondo, likauchukua ua wa matete wa choo. Bibi alikuwa ndani ya choo. Ukoo huu haujawahi kukubaliana alikuwa amefikia wapi. Kinachojulikana ni kwamba ua uliondoka na Bibi akabaki, akitazama milima iliyo mbele yake, ambayo kwa kawaida haionekani kutoka pale.

Hatimaye gogo likagonga kizingiti cha jikoni na kutulia hapo, kichwa chake kimeelekea mafiga.

Nakijwa alikuwa jikoni anachambua maharage. Alilitazama gogo lililoingia bila kubisha hodi, akashika kiuno, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, kama umemaliza huko, njoo."

Bibi akaja akifunga kanga yake. Watoto walipofika chini wakihema, na baba yao akafika nyuma yao akiwa tope mpaka magotini, ndani ya nyumba kulikuwa kunasikika sauti ya mtu wa saba. Alikuwa wa kiume.

Wakaliwasha gogo jioni ile ile. Halikutoa moshi wa kumsumbua mzazi, wala halikulia wala kurusha cheche. Lilikaa na moto wake mchana na usiku, na Nakijwa alisema katika uzazi wake wote hajawahi kupata joto la namna ile. Mama Kalage alikuja kumpongeza akiwa na kibuyu cha togwa. Akasimulia tena habari ya gogo lake, jinsi lilivyokuwa limefunikwa vizuri na mkono asioujua. Senkondo alitazama dari. Nakijwa alimtazama Senkondo. Aliendelea kumtazama hata baada ya mgeni kuondoka, lakini hakuuliza, maana mke aliyekwisha kujua hana sababu ya kuuliza.

Kisha asubuhi moja kitovu kikaanguka.

Wakakusanyika mekoni. Nakijwa alikaa na mtoto kifuani, Bibi kwenye kigoda chake, Senkondo kwenye mkeka, na watoto watatu mbele ya gogo. Gogo lenyewe lilikuwa limeliwa na moto mpaka kikabaki kipande cha kiasi cha mkate, chekundu upande mmoja. Moto ule ukizimika kabla ya jina kutolewa, mtoto hukaa bila jina la nyumbani maisha yake yote, kama mgeni katika nyumba ya baba yake.

Bibi alisema kwamba kwa kawaida jambo hili humalizika kabla maji ya chai hayajachemka, maana kila mtu huwa anajua ni nani. Safari hii hata yeye hajui. Uamuzi ni wa baba yao. Yeye mwenyewe hatakaa upande wowote, kwa kuwa ameliona gogo lile kwa karibu kuliko alivyotaka.

Senkondo moyoni alikuwa na jibu tayari, na jibu lilikuwa Zawadi. Lakini Nakijwa, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto, akasema, "Baba Namsifu, mimi nitamwita jina lolote litakalotoka. Ila ukumbuke, jina la dhuluma halikai. Mtoto atalikataa, atalia mpaka akue. Kwa hiyo usichague jina. Chagua mtoto."

Senkondo akawaambia watoto waseme, mmoja mmoja.

Namsifu akasema, "Baba, gogo lile lilianguka kabla hatujazaliwa. Watu wamepita chini yake na mashoka yao miaka yote, na wewe umo. Hakuna aliyeliona. Nililiona mimi. Kisichoonekana hakikatwi, wala hakibingiriki."

Mbonea akasema, "Kuona hata mbuzi anaona. Dada aliliona akabaki nalo huko huko. Asingekuwapo wa kulikata, mpaka leo lingekuwa kigoda chake cha kusukia nywele. Tazama viganja vyangu, Baba. Hivi vimeona."

Akavinyoosha. Vilikuwa bado vyekundu.

Nakunda akasema, "Walikuwa wanagombana. Mimi nikaleta."

"Ulitaka kuleta gogo, Nakunda?" baba yake akamwuliza.

"Nilitaka kijiti."

"Basi ulileta kijiti," akasema Mbonea.

"Kijiti ninacho," akasema Nakunda, na kweli alikuwa amekishika. "Na gogo liko hapa."

Mbonea akamgeukia dada yake. Akamwambia kwamba yeye ndiye aliyeambiwa asimwache mtoto, naye akamwacha peke yake msituni akaenda kusuka nywele. Je, angekutana na nyoka? Namsifu akajibu kwamba yeye Mbonea ndiye aliyeambiwa asiguse kitu kwa shoka, na kama lingemponyoka sasa wangekuwa wanauguza mguu badala ya kupokea mgeni. Kisha wote wawili, wakiwa wamepatana kwa mara ya kwanza siku ile, wakasema kwamba wao makosa yao hayakumkaribia mtu, lakini Nakunda alivuta kijiti alichokatazwa, gogo likakaribia kumwua Baba na likamwaibisha Bibi.

Bibi akasema hilo la mwisho wasilirudie.

"Lakini ningetii," akasema Namsifu, "ningekuwa njiani nimeshika mkono wa Nakunda."

"Na ningetii mimi," akasema Mbonea, "ningekuwa bado namngoja Baba. Na Baba alikuwa wapi, kwani?"

Nakijwa alitabasamu kidogo, akamrekebishia mtoto kitambaa.

Senkondo aliwatazama. Alikuwa amempa kila mmoja amri yake, na kila mmoja alikuwa ameivunja mahali pale pale ilipohitajika kuvunjwa. Kama watatu wale wangekuwa watoto wema siku ile, wangeshuka jioni na mzigo wa vijiti, mke wake angejifungulia kwenye jivu, na Mama Kalage angekuwa ndiye mtu pekee mlimani mwenye gogo.

Akampima Namsifu. Aliyeona ndiye wa kwanza, na wa kwanza ana haki yake. Ila alipokuwa anaona, hakuwa anatafuta. Akampima Mbonea. Aliyetoa jasho ni yeye, na kuni ni jasho. Ila gogo lake lilikuwa limekatwa tu, limelala mlimani, na hata wanaume wawili wasingelibeba mpaka chini. Akampima Nakunda. Bila mkono ule mdogo, gogo lisingefika mekoni kamwe. Ila mkono ule haukujua ulichokuwa unakifanya, na tena ulikatazwa.

Halafu, ingawa alikuwa ameambiwa asipime majina, akayapima. Akamwona mwanawe mtu mzima, amesimama mlangoni kwa watu, washenga wanamtaja: Zawadi wa Senkondo. Akamwona tena: Nyigu wa Senkondo. Akamwona mara ya tatu, na baba wa binti anawatazama washenga kwa muda mrefu.

Mtoto akaanza kulia. Bibi akasema kwamba hata mtoto mwenyewe anauliza. Kipande cha gogo kikapasuka katikati bila sauti, wekundu wake ukafifia, ukabaki mstari mmoja mwembamba. Nakijwa akaupulizia taratibu usizimike. Watoto watatu wakamtazama baba yao, wala hakuna aliyepepesa jicho.

Nanyi mliokaa hapa mmesikia yote kama yalivyokuwa, hakuna lililofichwa, hata la kangaga. Moto umebaki kidogo na mzee wa watu ameshafungua kinywa. Kati ya aliyeliona kwa uvivu, aliyelikata kwa ukaidi na aliyeliteremsha kwa kutojua, kama mngekuwa mmekaa kwenye mkeka ule badala ya Senkondo, mngempa nani haki ya kumwita mtoto yule jina?